Jumamosi ya Piko

Kwanza Vaselini, kuzunguka kipaji,
nyuma ya masikio, shingoni hadi kisogoni,
maana piko haina adabu: ikigusa ngozi
inalala hapo wiki nzima,
na sokoni kila mtu anajua ulichofanya.

Zaituni anakoroga kwenye kifuniko cha ndoo.
Maji kidogo. Kidogo tena. Isiwe chai, isiwe ugali.
Mswaki ni ule wa marehemu baba yake,
manyoya yamelala upande mmoja
kama majani ya mchikichi baada ya dhoruba.
Jana usiku alinijaribu tone moja nyuma ya sikio,
tukalala nalo. Halikuwasha. Tuendelee.

Ndoo mbili zimejaa tangu alfajiri,
kwani bomba la Ujiji haliwekeani ahadi na mtu,
na piko haisubiri.

Mama Hemedi kachungulia juu ya ua wa mabati:
"Mwavita! Na miaka yako sitini na moja!
Nani huyo unayemkolezea weusi?"
Nikamjibu, "Yupo."
Akacheka njia nzima hadi kwake.
Kufika adhuhuri mtaa utakuwa umeshampa jina,
kazi, na pikipiki.

Yupo kweli. Yumo chumba cha uani,
ana miaka themanini na kitu,
na hicho kitu hakijui mtu.
Anapasua mise ambazo hazipo,
jiwe juu ya jiwe, mchana kutwa.

Mwezi wa Rajabu niliziacha mvi zitoke.
Nikasema basi, umri ni umri.
Nikampelekea uji. Akaketi wima, akajifunga kanga vizuri:
"Shikamoo, bibi. Hujamwona binti yangu?
Ana kichwa cheusi tii. Nimemtuma chumvi."

Shikamoo.
Mama yangu. Kwangu mimi.

Ningefanyaje? Niliitikia.
Marahaba, nikasema, yuko njiani anakuja.
Nikaenda kulia jikoni, penye moshi,
ambako hakuna anayekuuliza.

Tangu hapo kila wiki ya tatu napaka.
Naingia na kichwa changu cheusi.
"Chumvi iko wapi?"
"Dukani imekwisha, mama."
"Muongo wewe."
Ananijua.

Sasa leo, Zaituni amefika nusu tu,
kulia lami, kushoto pamba,
mlango wa uani ukalia, akatoka mwenyewe
na fimbo yake, bila kushikwa.
Mswaki ukasimama hewani.
Akatazama upande mweusi, akatazama mweupe,
kama anayekagua doti ya kanga ambayo haijampendeza.
Mimi nikaisubiri shikamoo,
nikajifunga tumbo kuipokea.

"Nani," akasema, "amekupaka hovyo namna hii?"

Akavuta kigoda. Akanibana kichwa kati ya magoti,
akampokonya mjukuu mswaki.
Akachora njia kwa ukucha wa kidole cha mwisho,
njia moja, ya pili, imenyooka kama uzi.
"Kisogoni kwanza. Huko ndiko kunakokataa rangi."
Mkono uleule unaomwaga chai kila asubuhi
haukutikisika hata mara moja.

Maji ya kwanza yalitoka meusi,
ya tatu kama kahawa,
ya tano kama maji.
Akaagiza mafuta ya mise, akayasikia moto
ndani ya kiganja kabla hayajanigusa,
akanipaka kuanzia mizizini, akiguna,
harufu ile ya moshi na njugu
ikanirudisha miaka mahali nisipopataja.

Kisha akanigeuza uso. Akanitazama sana.
"Hivi, wewe mtoto wa nani?"
"Wako, mama."
"Aaa." Akafuta vidole kwenye kanga yangu.
"Ndiyo maana kichwa kigumu."

Leo Jumanne amerudi kwenye mise zake.
Piko bado imelala kwenye kucha zake zote kumi.
Zaituni ameniuliza, alete ndimu aisugue?
Nimemwambia aiache.